Somo la Redio: Tuchore Roboti

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kila mwanafunzi awe na karatasi nyeupe, kalamu ya risasi na kifutio. Penye neno KITUO, msomaji hunyamaza, na wanafunzi hufanya kazi waliyoambiwa.)

Walio nyuma wasogee karibu na redio. Kila mmoja aweke karatasi mbele yake na kalamu mkononi. Leo hatuandiki barua, wala hatujumlishi hesabu za duka. Leo tunachora. Tena tunachora kichezeo.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Sisi watu wazima tuchore vichezeo? Watoto wetu watatuonaje?" Ngojeni kwanza. Siku hizi yako mashindano ya kuchora roboti kwa wapenzi wa vichezeo wa umri wote. Maneno haya "umri wote" maana yake ni mtoto wa miaka sita, na baba yake, na bibi yake pia. Anayeweza kushika kalamu anaweza kuingia.

Hata hivyo, watu wazima wengi hawaingii. Sababu si mkono mzito. Sababu ni haya. Mtu aliyeshika jembe miaka 30 huona kalamu ya risasi ni kitu cha watoto, na picha yake huificha chini ya daftari. Leo nataka picha zitoke chini ya daftari. Katika kuchora roboti, mtu mzima ana mali ambayo mtoto hana. Mali hiyo ni kuijua kazi. Basi shikeni neno hili moja mpaka mwisho wa somo: usianze na kichwa cha roboti, anza na kazi yake.

ROBOTI NI NINI?

Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata maagizo iliyowekewa, bila mtu kuiongoza kwa mkono kila mara. Panga si roboti, maana halikati mpaka ulishike. Baiskeli si roboti, maana haiendi mpaka uikanyage. Lakini mashine inayoambiwa mara moja, "Inua hiki, weka pale, rudi," ikafanya hivyo yenyewe kutwa nzima, hiyo ndiyo roboti.

Si kila roboti ina kichwa na miguu. Mwaka 1961 roboti iliyoitwa Unimate ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Haikuwa na macho wala uso. Ilikuwa mkono mmoja mkubwa tu. Kazi yake ilikuwa kuondoa vipande vya chuma vya moto vilivyotoka katika mashine ya kusubu. Kazi hiyo iliwaunguza watu, nayo roboti haiungui kama mtu. Mnaona? Kazi ilitangulia, na umbo likafuata kazi.

Neno lenyewe limetoka wapi? Limetoka katika mchezo wa kuigiza. Mwandishi mmoja wa nchi ya Chekoslovakia, jina lake Karel Čapek, aliandika mchezo uitwao R.U.R. mwaka 1920, nao ulichezwa katika mji wa Prague mwaka 1921. Alitaka jina la kuwaita watumishi waliotengenezwa kiwandani. Ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, akampa neno "roboti." Katika lugha ya Kicheki neno "robota" ni kazi ya shuruti, yaani kazi ambayo zamani mkulima alilazimishwa kuifanya katika shamba la bwana wake. Wazee wetu waliijua kazi ya namna hiyo wakati wa ukoloni, na hawakuipenda. Katika mchezo ule hata watumishi wa kiwandani hawakuipenda. Mwishowe waliwaasi mabwana zao.

Basi kila mara mtu anapochora roboti, anajibu swali lililo ndani ya jina: ni mzigo gani unaostahili kumwondoka mwanadamu?

KITUO. Andikeni neno ROBOTI juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Lina herufi sita.

ROBOTI IWE KICHEZEO

Sasa tuone jinsi roboti ilivyoingia mikononi mwa watoto. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, viwanda vya Japani vilitengeneza vichezeo vingi vya bati na kuviuza nchi za nje. Chuma kilikuwa adimu, hata bati la mikebe iliyotumika likakatwa na kufanywa vichezeo. Roboti nyingi za bati za miaka ya 1950 zilikuwa na ufunguo ubavuni au mgongoni. Mtoto aliukaza ufunguo, kamani ikajikunja ndani, na alipoachia roboti ilitembea mpaka kamani ilipolegea. Nyingine zilikwenda kwa betri.

Jambo hilo si geni kwetu. Ni nani kati yenu hakutengeneza gari la waya, au lori la mkebe wenye magurudumu ya visoda au ya kandambili iliyokatika? Mtoto wa Japani na mtoto wa hapa, wote walijua kwamba bati tupu halijawa takataka.

Mwaka 1984 kampuni ya Marekani, Hasbro, ilianza kuuza vichezeo vilivyoitwa Transformers. Vingi vya mwanzo vilikuwa vimebuniwa Japani na kampuni ya Takara. Ukikunja mikono na miguu, roboti inakuwa gari au ndege. Ukikunjua, inarudi kuwa roboti. Mkubwa wao, Optimus Prime, hugeuka kuwa lori. Watoto waliovichezea wakati ule leo ni watu wazima, na wengi wao hawakuviacha. Ndiyo maana mashindano ya vichezeo husema "umri wote." Babu na mjukuu hukaa meza moja wakibishana juu ya roboti ileile.

Tena wapenzi hao hawakubaki kuwa wanunuzi tu. Mwaka 2013 Hasbro iliwataka wapige kura kuchagua jinsi roboti mpya itakavyokuwa. Wakachagua iwe ya kike, na igeuke ndege. Ikaitwa Windblade, na mwaka 2014 ilikuwa kichezeo cha kushikwa mkononi. Kampuni ya LEGO ya Denmark nayo ina utaratibu wake. Mtu yeyote wa umri unaokubaliwa hupeleka wazo lake. Wakipatikana watu 10,000 wa kuliunga mkono, kampuni hulichunguza. Kwa njia hiyo Mwingereza mmoja alibuni vazi la roboti la kuvaliwa na mwanaanga, nalo likatengenezwa na kuuzwa mwaka 2014. Vyote vilianza na wazo la mtu aliyekaa nyumbani kwake.

MFANO WA KARIBU

Huenda mtu akasema, "Hao ni watu wa mbali wenye viwanda." Basi tuje karibu. Katika mji wa Kinshasa, Kongo, magari ni mengi na njia panda zina hatari. Mwanamke mmoja mhandisi, Thérèse Izay Kirongozi, alibuni pamoja na wenzake roboti ya kuongoza magari barabarani. Roboti za kwanza ziliwekwa mwaka 2013. Zilitengenezwa kwa alumini, ndefu kupita mtu, na zilipata nguvu kutoka kwa jua. Zilikuwa na taa nyekundu na kijani, na mikono ya kuonyesha magari yapi yasimame na yapi yapite. Ndani ziliwekwa kamera za kutazama barabara.

Tazameni umbo lile na mjiulize. Kwa nini ni ndefu? Ili dereva wa nyuma aione. Kwa nini inatumia jua? Ili isisimame umeme unapokatika. Kwa nini ina mikono, na taa zingetosha? Kwa sababu dereva amezoea kumtii askari anayenyosha mkono. Kila kiungo kina sababu yake. Mchoraji akiweza kujibu "kwa nini" kwa kila mstari, picha yake ina nguvu, hata kama mistari imepinda kidogo.

KITUO. Fikirini kazi tatu zinazowachosha sana nyumbani, shambani au kazini. Ziandikeni ubavuni mwa karatasi, neno moja moja: kutwanga, kupalilia, kubeba. Kisha zungusha duara kazi moja tu.

TUCHORE SASA

Tuseme mama mmoja darasani amezungushia duara kazi ya kubeba maji. Tutachora pamoja naye. Wewe uliyechagua kazi nyingine, fuata hatua zizi hizi, ubadili panapofaa.

Kwanza tupime mzigo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 za maji, mbali na dumu lenyewe. Mama huyu huenda mtoni mara tatu kila asubuhi. Basi roboti yake itachukua lita 60 kwa safari moja, yaani kilo 60. Njia yake ina mlima na matope. Maneno haya manne, lita 60, mlima, matope, ndiyo yatakayotuchorea roboti.

Hatua ya kwanza. Kunja karatasi katikati kwa urefu, kisha ikunjue. Alama ya mkunjo ni mstari wako wa katikati. Chora kwa wepesi, usikandamize kalamu. Mistari ya kwanza tutaifuta.

Hatua ya pili. Chora tangi. Ni mstatili mpana, chini ya katikati ya karatasi. Kwa nini chini? Mzigo ukiwa juu, kitu huanguka upesi. Mnajua wenyewe: lori lililopakiwa magunia mpaka juu huyumba penye kona, na mtumbwi ambao watu wamesimama hupinduka. Uzito ukae chini, na msingi uwe mpana.

Hatua ya tatu. Chora miguu. Magurudumu membamba yatazama matopeni. Kwa hiyo mpe roboti minyororo kama ya tingatinga. Chini ya tangi chora yai moja refu lililolala, na ndani yake duara tatu ndogo. Yai hilo litokeze kidogo nje ya tangi, mbele na nyuma.

Hatua ya nne. Juu ya tangi chora kifua, mraba mdogo. Juu ya kifua chora kichwa, mraba mdogo zaidi. Macho mawili yanatosha. Usipoteze saa nzima kwenye uso. Mwamuzi ataona nyuso nyingi siku hiyo.

Hatua ya tano. Chora mikono. Penye bega weka duara. Toka hapo chora mstatili mwembamba mpaka kiwiko. Penye kiwiko weka duara jingine. Kisha mstatili wa pili, na mwisho wake mkono wa namna ya herufi U, wa kushikia mpini wa ndoo. Kila duara ni kiungo kinachokunjika. Roboti isiyo na viungo ni sanamu.

Hatua ya sita. Roboti itakula nini? Chora bamba la kupokea jua, limelala juu ya kichwa kama kofia pana. Chora na kijisanduku cha betri mgongoni, kwa siku za mawingu.

Hatua ya saba. Kumbuka kwamba ni kichezeo. Kwa hiyo chora koki ndogo mbele ya tangi, ili mtoto atie maji ya kweli na kuyamimina. Pembe zote ziwe mviringo, zisimkate. Wala pasiwe na kipande kidogo kinachong'oka, maana mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani.

KITUO. Maliza mistari yako. Sasa kandamiza kalamu kwenye mistari unayoitaka, na ile mingine uifute.

KAZI YA KUTOA NA KAZI YA KUBAKIZA

Roboti imesimama. Sasa nataka kumwuliza mama wetu swali. "Mama, maji yatachukuliwa na roboti. Je, wewe utabaki nyumbani?"

Huenda akafikiri kidogo, kisha akasema: "Hapana, mwalimu. Mtoni ndiko ninakoonana na wenzangu. Huko ndiko nilikosikia kwamba jirani yangu ni mgonjwa. Huko ndiko binti yangu alikoniambia siri yake. Dumu ndilo linaloniumiza shingo, njia hainiumizi."

Hilo ndilo jibu la mtu anayeijua kazi. Kila kazi ina mzigo ndani yake, tena ina kitu kingine ambacho si mzigo. Roboti ichukue mzigo. Kitu kile kingine kibaki na wenyewe. Na hapa si mchezo tu. Mashine zinaingia viwandani, mashambani na bandarini, na kila inapoingia moja, watu huuliza nani amepunguziwa taabu na nani amenyang'anywa mkate. Mtu aliyewahi kukaa na kalamu akachagua mwenyewe kazi ya kutoa na kazi ya kubakiza, hatashindwa kusema neno lake siku ya mkutano.

Basi mama arudi kwenye karatasi yake. Kando ya roboti ajichore mwenyewe anatembea. Mikono yake haina kitu. Kichwani hana dumu. Amegeuka upande anasema na mwenzake. Picha hiyo ya mtu itafanya kazi mbili. Itaonyesha ukubwa wa roboti, maana mwamuzi ataipima kwa urefu wa mtu. Tena itaonyesha roboti hii imetengenezwa kwa ajili ya nani.

KITUO. Chora mtu mmoja kando ya roboti yako. Mwonyeshe anafanya nini wakati roboti inafanya kazi.

MANENO KATIKA PICHA

Picha ya mashindano yahitaji maneno machache. Hapo kisomo chenu kinawasaidia. Chora mstari mwembamba kutoka kila sehemu, na mwishoni andika jina lake: TANGI. KOKI. BETRI. BAMBA LA JUA. MNYORORO. Kisha chini ya picha andika sentensi moja isiyo na mapambo. Mfano: "Roboti hii hubeba lita 60 za maji kutoka mtoni, nami natembea kando yake." Usiandike "Hii ni roboti nzuri sana." Hilo ni la mwamuzi kusema.

Kabla ya kupeleka picha, soma masharti ya mashindano. Soma mwenyewe, usikubali kusomewa nusu. Tafuta majibu ya maswali manne. Karatasi iwe ya ukubwa gani? Siku ya mwisho ni ipi? Je, kuna kiingilio? Na la nne ni kubwa kuliko yote: baada ya mashindano, picha ni mali ya nani? Masharti mengine husema kwamba ukiisha kuipeleka, mwenye mashindano anaweza kuitumia apendavyo. Mengine hukuachia mali yako. Usitie sahihi penye maneno usiyoyaelewa. Muulize mwalimu wako, na ujiwekee nakala ya picha.

Na usinakili. Mtu akichora Optimus Prime vizuri mpaka anang'aa, bado amechora mali ya mwingine. Roboti yako ya maji, yenye mkono wa herufi U, ni yako.

MASWALI YA DARASA

1. Neno "robota" lina maana gani katika lugha ya Kicheki?
2. Kwa nini tulichora tangi chini, si juu?
3. Roboti za Kinshasa zilipata nguvu wapi, na hilo lilifaa kwa sababu gani?
4. Katika kazi yako ya kila siku, mzigo ni upi, na kitu usichotaka kutoa ni kipi?

Swali la nne halina jibu moja. Lijibuni kwa zamu, kila mtu ameinua picha yake ili wenzake waione. Atakayecheka, acheke kwa furaha, si kwa dhihaka. Halafu picha zote zibandikwe ukutani kwa juma moja, na watoto waitwe waje kuzitazama. Watauliza maswali mengi. Ninyi mtayajibu, maana kila mstari mnajua kwa nini mliuweka.

Somo letu la leo limekwisha. Tunzeni kalamu zenu. Kwaherini.